Mwaka Bunge Lilipokaa Panda

Feza, ambaye nilimfahamu akiwa msichana wa shule mwenye magoti yaliyojaa vumbi, sasa ana binti aliyepokea komunyo ya kwanza mwaka huu, baada ya Pasaka. Alinipigia simu Lubumbashi kuniarifu siku ya sherehe, kisha akampa simu mama yake. "Mado," alisema Mama Feza, bila salamu, ndivyo alivyo, "usipokuya, hakuna mutu atakula." Basi nilikwenda. Nilifika Likasi kabla ya misa kwisha, nikashuka moja kwa moja hadi Panda, kwenye zile nyumba za matofali za kambi ya wafanyakazi zinazofanana hata mgeni huhesabu miti ili asiingie kwa jirani. Salon ya Mama Feza, sebule yake, imebadilika. Kuna makochi makubwa yanayobana njia, televisheni bapa ukutani, na kitambaa cha plastiki chenye maua juu ya meza. Tulikula bukari, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo na kuku, tukanywa munkoyo, kile kinywaji chetu kitamu cha mahindi na mizizi, na wajukuu wakanizunguka wakiwa bado na nguo nyeupe za kanisani. Mkubwa wao akaniuliza kama ni kweli mimi na bibi yao tulijenga Bunge la taifa ndani ya chumba hiki. Nilisema ni kweli. Akatazama ukuta huu na ule, akapima kwa macho, kisha akamgeukia bibi yake kwa huruma, kama mtu anayemsikia mzee akianza kupoteza kumbukumbu. "Muulize yeye," Mama Feza akajibu huku akinyonya mfupa. "Minye nilikuwa paka shahidi," yaani shahidi tu. Nilianza kuwasimulia, lakini muziki uliwashwa na watoto wakakimbilia uani kucheza. Nimerudi nyumbani na hadithi yote ikiwa bado kifuani. Naiandika hapa ili siku wakikua waikute.

Ulikuwa mwaka wa kuelekea uchaguzi ule mkubwa, wa kwanza ambao watu wa rika langu wangepiga kura maishani mwao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na bado nilikuwa shuleni, kwa sababu vita vilikuwa vimetuchelewesha wengi. Nilipanga kitanda kwa Mama Feza, mjane aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta asubuhi na unga jioni. Feza mwenyewe alikuwa bweni Mulungwishi na alirudi likizo tu. Mimi nilikuwa nimeandikishwa sehemu ya kushona katika shule ya ufundi. Nilishona vizuri, sina sababu ya kulificha hilo. Shida ilikuwa dirisha. Dirisha la darasa letu lilitazama uwanja ambapo vijana wa sehemu ya ujenzi walikuwa wakijifunza kupandisha ukuta. Walitumia udongo badala ya saruji, na jioni waliubomoa ukuta wote, wakasafisha matofali, kesho yake wakaanza tena. Wenzangu waliona hiyo ni kazi ya wafungwa. Mimi nilikuwa nikishona pindo huku macho yakiwa nje, na kila ukuta ulipovunjwa nilihuzunika kidogo, halafu usiku ukipita nikafurahi kwamba utajengwa mwingine. Nikaanza kuchora nyumba kwenye karatasi kubwa za kukatia nguo.

Mwalimu wa ujenzi aliitwa Kabeya, na sisi sote tulimwita Prof, kama walimu wote wa sekondari wanavyoitwa kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kila mara penseli ilikuwa nyuma ya sikio. Siku moja mwezi wa tisa, jakaranda zikiwa zimeanza kumwaga maua kwenye barabara za mjini, aliingia darasani kwetu kuomba watu wa kumshonea pazia. Akaona karatasi yangu mezani. "Hii ni gauni gani?" akauliza. Nilimwambia ni nyumba. Akaiinua hadi kwenye mwanga. "Na kuta zako mbona zina mstari wa pili kwa nje?" Nilimjibu kwa uaminifu wote kwamba ile ni nafasi ya mshono, kwa sababu usipoacha nafasi ya mshono kitu kinakuja kubana. Prof Kabeya alicheka hadi penseli ikaanguka. Kisha akaketi kwenye kiti cha mashine, akanieleza kwa upole kwamba wajenzi nao wana mistari miwili, lakini nafasi iliyo kati yake ndiyo ukuta wenyewe, unene wake, na kwamba wanafunzi wake walihitaji mwaka mzima kuelewa kuwa ukuta una unene. "Nani alikufundisha?" aliuliza. Nilisema hakuna. Alirudi kwake bila kukumbuka pazia.

Wiki ile ile alikwenda kumwona Prefe, mkuu wa shule, kuomba nihamishiwe ujenzi. Mimi nilisimama barazani na nilisikia kila neno, kwa sababu Prof hakujua kunong'ona na mlango ulikuwa umepasuka. Prefe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye suti ya rangi moja ya kijivu, na alisema kwamba akifungua mlango kwa msichana mmoja aliyependa kuchora, kesho vijana wa umeme wote watataka kuhamia ushonaji. Prof akasema huyu si wa kupenda tu. Wakabishana juu yangu kama wanavyobishana watu juu ya bei ya mbuzi. Mwishowe Prefe akatoa sharti: nichore jengo moja la umma, kubwa, si kibanda, nitengeneze na mfano wake, ile tunayoiita maketi, kisha nilitetee mbele yake kabla ya mwaka kwisha. Nikiweza, Septemba nitaanza ujenzi. Nikishindwa, nirudi kwenye mashine na mtu asimsumbue tena. Prof alitoka akiwa amekunja uso, akanikuta barazani. "Umesikia?" Nilisema ndiyo. "Vizuri. Sitarudia."

Jengo lenyewe lilitoka kwa padri. Parokia yetu ilitaka kuwafundisha watu maana ya kura, na padri alimwomba Prof kitu cha kuonyesha, kwa sababu waumini walikuwa wakimuuliza: hawa wabunge tutakaowachagua, watakaa wapi? Watakaa kwenye nini? Prof akaunganisha mahitaji mawili. Nichore Bunge la taifa, Jumba la Watu la Kinshasa, na maketi yake iwekwe kwenye ukumbi wa parokia. Alinipa msaidizi, Trésor, mwanafunzi wa useremala aliyejulikana kwa kuimba akipiga randa. Hapakuwa na kasoro isipokuwa moja: kati yetu watatu hakuna aliyewahi kufika Kinshasa. Tulikuwa na kalenda ya zamani ya Prof yenye picha ya uso wa jengo, pana, jeupe, nguzo zimesimama mbele kwa mstari na ngazi ndefu chini yake. Nyuma ya nguzo hizo kulikuwa na nini, kalenda haikusema.

Prof alijua historia, na alitusimulia akitembea huku na huku kwenye salon ya Mama Feza, kwa sababu karakana ya shule ilikuwa inavuja na tuliamua kufanyia kazi nyumbani. Alisema Bunge letu la kwanza kabisa halikukaa kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Lilikaa kwenye jumba la kando ya mto ambalo Wabelgiji walilikusudia liwe makao ya gavana wao, na humo ndimo uhuru ulimotangazwa. "Fikirini," alisema. "Nyumba ya mtu mmoja, yenye ngazi ya mtu mmoja kushuka akitazamwa. Halafu siku moja wanaingia watu wa nchi nzima na kuulizana, mimi nikae wapi?" Hilo la pili, Jumba la Watu, Wachina walikuja kulijenga miaka mingi baadaye, wakati wa chama kimoja, na ukumbi wake ulifanywa mkubwa kwa ajili ya mikutano ya chama. Sasa Bunge ndilo lililokuwa humo, na Seneti pia. Kisha akatuuliza: mkichora Bunge, mnaanza na nini? Trésor alisema viti. Mimi nilisema paa. Mama Feza alikuwa kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, na hakuna aliyemuuliza. "Milango," alisema. "Bantu wakigombana, batatokea wapi?" Prof akamtazama. Mama Feza akaendelea, kama anayezungumza habari ya soko: "Ile ya Kinshasa iko na milango mingi sana. Minye nilipotea mule ndani."

Hivyo ndivyo nilivyojua, baada ya kulala miezi chini ya paa lake, kwamba Mama Feza akiwa msichana alikuwa katika kundi la uchezaji la mkoa, wale waliokuwa wakicheza na kuimba mbele ya wakubwa, na kwamba walisafirishwa hadi Kinshasa kucheza katika jengo lile lile likiwa bado linanuka rangi. Prof aliketi. Nilichukua penseli. Tukamuuliza ukumbi una upana gani, na jibu lake likawa ni baridi. "Baridi sawa ndani ya frigo. Shiye tulivaa majani ya raffia tu, tulitetemeka mpaka mwanzo wa muziki." Tukamuuliza juu ya dari. Hakuitazama, walikuwa wamekatazwa kuinua macho. Ngazi? "Mingi." Nilimwonyesha jinsi tunavyochora jengo kana kwamba limekatwa kwa kisu ili ndani kuonekane, naye akashtuka. "Nani alibomoa ukuta?" Ilionekana tumepata shahidi asiyeweza kutusaidia, na yeye mwenyewe aliumia kwa hilo. Alirudi jikoni. Tulimsikia akigonga sufuria. Halafu akatoka tena, amejifunga kitenge cha pili kiunoni, akatuambia twende uani. "Kichwa hakikumbuki," alisema. "Ngoja niulize miguu."

Nimefanya kazi ya kuchora majengo kwa miaka mingi sasa. Nimechora shule, zahanati, na soko moja ambalo ninalipenda kuliko vyote, na kila ninapoanza ninaenda kuwaona watu watakaolitumia na kuwaomba watembee. Wasinieleze, watembee tu, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka kitandani hadi dirishani. Vijana wa ofisini kwangu wanaona ni mchezo. Sijawahi kuwaambia nilikojifunza. Asubuhi ile ya Jumamosi uani kwa Mama Feza, mvua ya usiku ikiwa imelainisha udongo mwekundu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliinua mabega, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, na akaingia Kinshasa. Alipanda ngazi zisizokuwepo. Akageuka kulia. "Hapa ukuta, mutu moja tu anapita." Akainamisha kichwa. "Hapa tulivaa." Akazunguka mti wa mapera, akarudi, akafungua mikono. "Hapa njo jukwaa," akasema, na miguu yake ikaanza kwenda upande, upande, upande, mbali kuliko tulivyotarajia, ikavuka mpaka wa nyumba yake na kuingia kwa jirani. Nilimfuata nimeinama, nikichora kwa majivu kila alipopita. Trésor alishika kamba. Majirani walitoka na miswaki midomoni. Papa Mwansa, mwenye ua tuliouvamia, alitaka kujua ni ibada gani. "Parlement," Mama Feza akamjibu bila kusimama. "Sogeza kiti chako."

Papa Mwansa alisogeza, na tangu siku hiyo akawa mtu wetu. Yeye ndiye aliyekuwa na televisheni iliyofanya kazi, na umeme ulipokuwepo alituita tuje kutazama vikao vya Bunge la mpito. Salon yake ilijaa. Watu walikuja kusikiliza katiba mpya, wakabishana, wakapiga magoti yao kwa viganja. Mimi na Trésor tulikuwa tumekuja kutazama kuta. Kamera ilipenda nyuso, na kila ilipoanza kupanda kuelekea darini ilirudi chini kwa sababu mheshimiwa fulani alikuwa amesimama kwa hasira. Trésor alimsihi mheshimiwa aketi. Mwanamume mmoja nyuma yetu alidhani Trésor ni wa upande mwingine wa siasa, akamjia juu, na Papa Mwansa alilazimika kueleza kwamba kijana huyu hana chama, anatafuta dari tu. Tulicheka sote, hata yule mwenye hasira. Baadaye mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akitupigia mluzi kutoka dirishani: "Mukuye mbio, banaonyesha juu."

Tulijenga msimu wote wa mvua. Trésor alileta mbao za makasha. Mimi nilikata kuta kwa makatoni na kuzishona kwenye pembe kwa uzi wa katani, kwa sababu gundi haikukauka na mshono wangu ulishika vizuri. Nguzo za mbele zilikuwa mipini ya fagio. Viti vya wabunge vilikuwa vifuniko vya chupa, vimegeuzwa ili tundu liangalie juu, na watoto wa mtaa mzima walituokotea kwenye baa. Ukumbi ukawa mkubwa kiasi ambacho miguu ya Mama Feza ilisema, nayo ilikuwa imesema mengi. Kila wiki ubao wa chini uliongezwa. Kwanza meza ya kulia ilitoka nje. Kisha viti vikafuata. Tulikula tukiwa tumekaa sakafuni kuzunguka Bunge, bakuli la lengalenga, mchicha wetu, upande wa Seneti, bukari karibu na ngazi, na Mama Feza akimkemea yeyote aliyetaka kuegemea nguzo. Wageni walipokuja hawakuwa na pa kukaa. Kuna mama wa chama cha kanisa aliyebaki amesimama muda wote wa maongezi, kisha akasema kwa adabu kwamba ni nyumba nzuri, lakini ni nyumba ya nani? Mama Feza alisema ni ya wote. "Basi mbona mutu hawezi kukala?" akauliza yule mama. Nilikwenda kuandika swali hilo pembeni mwa mchoro wangu.

Kadiri ukumbi ulivyokua, hofu yangu nayo ilikua. Paa la ukumbi mpana namna ile lingebebwa na nini? Nilimuuliza Prof. Alikataa kunijibu, alisema atakayeulizwa ni mimi. Nililala nikiliona paa likilegea katikati kama godoro la zamani. Mwishowe, bila ruhusa ya kalenda wala ya televisheni, niliongeza safu ya nguzo ndani, nyuma ya roshani ya wasikilizaji, na nikachora mifereji mikubwa ya maji pembeni, kwa sababu mvua ninayoijua mimi ni ya Likasi. Nilijua kwamba huenda Kinshasa hakuna vitu hivyo. Lakini nilijua pia kwamba bila vitu hivyo lile langu lingeanguka.

Siku ya kupeleka maketi shuleni, Trésor alikuja na vijana wanne na mkokoteni. Wakaliinua Bunge, wakalipeleka mlangoni, wakasimama. Wakaligeuza upande. Wakaliinua wima, na vifuniko vya viti vikamwagika kama mvua ya mawe. Bunge lilikuwa pana kuliko mlango, pana kuliko dirisha, pana kuliko njia yoyote ya kutokea aliyoifikiria mjenzi wa kambi ile. Trésor alipendekeza tubomoe kidogo ukuta. Mama Feza alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nikalia kwa mara ya kwanza na ya mwisho mwaka ule, kwa sababu Prefe alikuwa akisubiri, na msichana aliyetengeneza jengo lisilotoka mlangoni alikuwa tayari amempa jibu lake. Prof aliniangalia, akachukua baiskeli ya Papa Mwansa, akaondoka. Hata leo sijui alimwambia nini Prefe. Alirudi mchana akiwa anatembea kwa miguu, na aliyekuwa juu ya baiskeli, suti ya kijivu imekunjwa kwenye magoti, alikuwa Prefe mwenyewe.

Mama Feza alimpa kiti kilichorudishwa kutoka nje na maji ya kunywa. Prefe alilizunguka Bunge taratibu, akachuchumaa, akachungulia kati ya nguzo, akaniomba niinue paa. Kisha akasema, kwa Kifaransa kwanza na baadaye kwa Kiswahili ili mwenye nyumba asikie, kwamba yeye amewahi kuingia katika ukumbi huo.  "Mademoiselle, ukumbi wako ni mkubwa kuliko ule. Vipimo hivi ulipewa na nani?"

"Na Mama Feza, Musye Prefe."

"Minye nilikuwa mule," akasema Mama Feza.

"Mimi pia, mama. Nilihudhuria mkutano."

"Weye ulikala. Minye nilicheza. Kwa mwenye kucheza ile salle ni mukubwa zaidi."

Prefe aliupima tena ukumbi kwa macho. Akanigeukia. Akaelekeza kidole nyuma ya roshani. "Na nguzo hizi? Kinshasa hakuna nguzo hapa."

Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu swali hilo lilikuwa limeninyima usingizi. "Kinshasa ukumbi ni mdogo, Musye Prefe. Huu wangu ni mpana. Nikiondoa nguzo, paa litashuka juu ya wabunge."

Akaniuliza mzigo unakwenda wapi, nikamwonyesha kwa kidole unavyoshuka. Akaniuliza mifereji ni ya nini, nikamweleza. Akaniuliza kwa nini milango ni mingi, nami nikamtazama Mama Feza, nikasema ili watu wakigombana wapate pa kutokea. Hapo ndipo Prefe alipocheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekizoea. Alisimama, akapangusa magoti. "Hili si Bunge la Kinshasa," alisema. "Lakini haliwezi kuanguka. Septemba uende kwa Kabeya."  Mama Feza alimshika Prefe mkono na kumwambia haondoki bila kula, naye akala sakafuni pamoja nasi, suti yake na yote, upande wa Seneti. Miaka baadaye, kazi ilinifikisha Kinshasa na nikaingia katika ukumbi wenyewe. Nilisimama kwenye roshani nikaona kwamba Prefe alikuwa sahihi. Halafu nikashuka karibu na jukwaa, nikajaribu kufikiria nina miaka kumi na minane na miguu mitupu, kama yeye siku ile, na Mama Feza akawa sahihi pia.

Ili kulifikisha parokia tulilikata. Hakukuwa na njia nyingine. Trésor alipiga msumeno katikati, kati ya Bunge na Seneti, akiimba wimbo wa mazishi hadi Mama Feza akamnyamazisha, na vipande viwili vikatoka mlangoni kila kimoja kwa zamu, vikapanda mkokoteni, vikasukumwa mjini huku watu wakiuliza kipi ni kipi. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi zina baridi na anga limefagiliwa safi. Katika ukumbi wa parokia nilivishona tena. Jumapili baada ya misa padri alifungua milango, na watu wakaingia kwa foleni: wachimbaji waliotoka mgodi wa Kamatanda na vumbi la kijani kwenye viatu, mafundi wa kiwanda, wamama wa soko, watoto wengi kuliko wote. Prof alieleza kwa sauti yake kubwa: hapa atakaa mnayemchagua, hapa ataongea, hapa juu mnaweza kukaa ninyi kumsikiliza. Kwenye kila mlango niliweka kibandiko. Tuliwaomba watu wasiguse.

Mama Feza alifika mwisho, amevaa kitenge cha sikukuu. Alilitazama jukwaa.  Nilimsogelea. "Ile siku tulimaliza kucheza," akaniambia taratibu, "balitutosha inje kwa mulango wa nyuma. Viti vyote vile, Mado. Sikukalaka hata kwa kimoja." Akaingiza mkono kwenye pochi ambamo punje za mahindi ya unga wake wa biashara zilikuwa zikibaki siku zote, akatoa punje moja ya mahindi, akaiweka ndani ya kifuniko cha chupa, safu ya mbele. "Huyu ni minye," alisema. Prof alikohoa, lakini hakumkataza. Nyuma yake kulikuwa na mchimbaji mmoja kijana, kofia mkononi. Aliuliza kama Mama ana punje nyingine. Akachagua kiti pembeni, karibu na mlango. Halafu yule mama wa chama cha kanisa aliyesimama nyumbani kwetu akaja, akasema sasa atakaa, na akajiweka katikati kabisa. Mtu mmoja akatumwa kuleta bakuli la mahindi. Watoto waligombania nafasi ya spika. Papa Mwansa alikaa Seneti kwa sababu, alisema, huko kumetulia. Walikuja hadi jua likaanza kushuka, kila mmoja akainama, akatafuta, akachagua, na wengine walirudi na jina la mama mgonjwa au mume aliyeko mgodini, wakamwekea na yeye. Tulipofunga milango hapakuwa na kiti kitupu.

Jumatatu asubuhi tulirudi mimi, Trésor na Mama Feza kuchukua zana zetu. Mlango wa pembeni ulikuwa umeachwa wazi. Kuku wa padri walikuwa juu ya meza, watatu ndani ya ukumbi na jogoo kwenye kiti cha spika, na kwenye vifuniko vyote hapakuwa na hata punje moja. Trésor alishika kichwa. Mimi nilimtazama Mama Feza, nikiogopa atakavyolipokea. Aliwafukuza kuku kwa kitenge, bila haraka, akainamisha uso juu ya safu ya mbele, akatazama kifuniko chake. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiegemea.

"Haina mambo," alisema, akipangusa macho. "Tutachagula bengine."